Kutoka jani la mahindi hadi aleli: mwongozo wa kupima utofauti wa fangasi wa mabaka ya kijivu

Mwanafunzi akija na wazo la kupima utofauti wa fangasi kwa alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya fangasi na fangasi), mara nyingi anaanza kwa kuuliza praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili. Mimi humuuliza majani atayachuma vipi. Kazi ya aina hii hufaulu au kuharibika shambani na kwenye meza ya kuoteshea fangasi, wiki nyingi kabla mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, haijawashwa. Ndiyo maana hapa nimekawia kwenye majani na sahani za agari (jeli ya kuoteshea fangasi), nikapita haraka kwenye PCR, kisha nikakawia tena kwenye kusoma matokeo. Huko mwishoni ndiko watu wanakodai makubwa kuliko data zao.

Mfano wetu ni ugonjwa wa mabaka ya kijivu kwenye mahindi. Ulielezwa mara ya kwanza Illinois, Marekani, katika miaka ya 1920, na fangasi wake akaitwa Cercospora zeae-maydis. Barani Afrika ulizua hofu ulipoonekana KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 1988, na katika miaka ya 1990 ukawa umeshafika Uganda na Kenya. Mwaka 1998 watafiti waliotumia alama za vinasaba huko Marekani walionyesha kwamba ndani ya jina hilo moja kuna makundi mawili yaliyoachana. Mwaka 2006 kundi la pili likapewa jina lake, Cercospora zeina, na hilo ndilo linalokutwa kwenye mashamba ya mahindi ya Afrika. Kwa hiyo kabla ya kupima utofauti ndani ya spishi, hakikisha unashughulika na spishi moja.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Swali ndilo linalopanga namna ya kuchuma. Ukitaka kujua kama fangasi wa Mbeya na wa Kitale wanabadilishana vinasaba, unahitaji mashamba mengi yaliyotawanyika, na isoleti (fangasi aliyetengwa na kuoteshwa peke yake) 25 hadi 30 kutoka kila eneo. Ukitaka kujua kama anazaana kwa kujamiiana au anajinakili tu, mashamba machache yanatosha, mradi kila moja lichumwe kwa wingi. Ukitaka kujua spora zinasafiri umbali gani ndani ya shamba, chuma mabaka kadhaa kwenye jani moja, kisha mimea ya jirani, kisha ya mbali. Sampuli zilizochumwa kwa swali la kwanza haziwezi kujibu la tatu, hata ukizipima kwa alama elfu moja.

Vibali vianze kushughulikiwa hapa hapa. Kenya utapita NACOSTI, tume ya sayansi, na KEPHIS, ya afya ya mimea, ikiwa vimelea vitavuka mpaka. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi, na TPHPA kwa afya ya mimea. Kupeleka DNA au isoleti nje ya nchi bila makubaliano ya maandishi kunaweza kukwamisha hata tasnifu iliyokwisha kuandikwa.

Hatua ya 2: Chuma majani

Nenda kuanzia mahindi yanapotoa ndevu hadi punje zinapokaza, wakati mabaka yamekomaa. Unachotafuta ni baka refu la mstatili, rangi ya majivu au udongo mkavu, kingo zake zimenyooka kwa sababu mishipa ya jani imelizuia lisitanuke. Likiwa pana katikati na limechongoka ncha zote mbili kama sigara, hilo ni la Exserohilum turcicum, ugonjwa mwingine kabisa. Usilichanganye kwenye bahasha.

Kwa maswali mawili ya kwanza, chuma jani moja kwa mmea, na baadaye utenge baka moja tu kwa jani. Mmea hadi mmea pawe na mita tano au zaidi, ukikatiza shamba kwa njia ya zigizaga. Mimea iliyosimama bega kwa bega huwa imeambukizana, na ukiichuma yote utakuwa umeichuma kloni ileile (nakala za fangasi mmoja) mara kumi. Chuma mara mbili ya idadi ya isoleti unazohitaji, kwani nyingi zitakufia njiani au zitamezwa na fangasi wengine.

Tumia bahasha za karatasi. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na ukifika maabara utakuwa umebeba bustani ya Fusarium na Alternaria. Laza majani kati ya magazeti makavu siku hiyohiyo, ubadilishe magazeti kesho yake. Juu ya bahasha andika kwa penseli (wino hukimbia ukilowa) tarehe, kijiji, GPS, mwinuko, aina ya mbegu kwa jina lake kamili kama H614 au UH6303, na kama shamba lina mabua ya msimu uliopita. Usiliache hilo la mabua: fangasi huyu huvuka kiangazi ndani ya mabaki ya mahindi, na shamba lisilolimwa kwa jembe huanza msimu na chanzo chake cha maambukizi.

Hatua ya 3: Pata isoleti ya spora moja

Hapa ndipo kazi inapookoka au inapozama. Baka moja linaweza kuwa na fangasi wawili wa spishi moja. Ukichota uzi wowote uliojitokeza, DNA yako itakuwa mchanganyiko, na hakuna programu itakayoutenganisha baadaye.

Kata kipande cha jani chenye baka, ukiweke kwenye sahani ya petri yenye karatasi iliyolowa maji safi, uifunike, uiache kwenye joto la chumba la takriban 25 °C kwa siku mbili hadi nne. Chini ya hadubini ya kupasulia utaona vishungi vya kijivu kinachometameta juu ya baka. Hakikisha spora zenyewe kwa hadubini kubwa: Cercospora zina spora ndefu, nyembamba, zisizo na rangi, zimegawanyika kwa kuta kadhaa za ndani, na upande mmoja umechongoka. Ukiona spora nene za kahawia, hiyo si yake.

Gusa vishungi kwa ncha ya sindano iliyopitishwa motoni, uviburute juu ya agari ya maji. Baada ya saa 24 tafuta spora moja iliyochipua, iliyokaa peke yake, ukate kipande kidogo cha agari kilichoibeba na ukihamishie kwenye agari ya V8 iliyotiwa antibayotiki ya kuzuia bakteria. Agari hiyo ni mililita 200 za juisi ya mboga ya V8, gramu 3 za kalisi kaboneti, gramu 15 hadi 20 za agari, na maji mililita 800. Juisi hiyo haipatikani kila duka la mikoani. Baadhi ya maabara hutumia juisi ya nyanya pamoja na kalisi kaboneti ileile, na inakubalika mradi uitumie kwa isoleti zote na uiandike kwenye taarifa yako.

C. zeina hukua polepole sana. Wiki mbili au tatu kupata duara dogo la kijivu si dalili ya kosa. Kitu kinachojaza sahani kwa siku nne si yeye. Kitupe bila huruma.

Kila isoleti ihifadhiwe mara mbili: vipande vya agari kwenye gliseroli ya asilimia 15 hadi 20 kwenye friza ya -80 °C, na karatasi ya kuchujia iliyokaushwa pamoja na silika jeli kwenye friji ya kawaida. Friza ya -80 °C ni nzuri hadi umeme ukatike Ijumaa jioni na jenereta lisiwake.

Hatua ya 4: Toa DNA

Tandaza selofani iliyochemshwa kwa mvuke juu ya agari kabla ya kupandikiza, ili uvune nyuzi za fangasi bila kukwangua agari. Agari ikiingia, sukari zake huzuia PCR na utadhani praima ni mbovu. Saga kwa nitrojeni ya maji, au kwa goroli za chuma kwenye mashine ya kutikisa.

Mchanganyiko wa CTAB, sabuni ya kuvunja seli, unatosha kabisa: CTAB asilimia 2, Tris milimola 100 yenye pH 8, EDTA milimola 20, chumvi mola 1.4, na merkaptoethanoli kidogo inayoongezwa siku ya kazi. Weka kwenye joto la 65 °C kwa dakika 30 hadi 60, safisha kwa klorofomu na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1, gandisha DNA kwa isopropanoli, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, ondoa RNA kwa kimeng'enya. Klorofomu na merkaptoethanoli hufanyiwa kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa; kufungua dirisha hakutoshi.

Uwiano wa mwanga wa 260 kwa 280 ukikaribia 1.8, vizuri. Lakini usiiamini namba peke yake. Pitisha DNA kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1 uone mstari mmoja mzito juu. Kisha zimua isoleti zote zifikie kiwango kimoja, tuseme nanogramu 10 kwa mikrolita.

Hatua ya 5: Thibitisha spishi na aina ya kujamiiana

Eneo la DNA liitwalo ITS, ambalo wengi hulikimbilia kutambua fangasi, halitofautishi vizuri spishi za jenasi Cercospora. Zipo praima maalumu za jini la histoni H3 zilizotengenezwa kutenganisha zeae-maydis na zeina. Zitumie kwa kila isoleti. Sahani nayo inatoa dokezo: zeae-maydis hutoa sumu nyekundu iitwayo sekosporini inayoweza kuitia agari rangi, ilhali zeina haitoi, kwa kuwa jini lake moja la kutengeneza sumu hiyo, CTB7, lina mapengo. Rangi iwe dokezo tu. Uthibitisho uutafute kwenye DNA.

Siku hiyohiyo pima aina ya kujamiiana. Kila isoleti hubeba MAT1-1 au MAT1-2, ndizo aina mbili zinazoweza kujamiiana, haibebi zote mbili. Ikionyesha zote, una mchanganyiko. Rudi hatua ya 3. PCR hii ya bei rahisi ni kichujio kizuri cha kazi yako ya spora moja, na data yake utaihitaji baadaye.

Hatua ya 6: Chagua alama

Kwa maoni yangu RAPD, inayonakili DNA kwa praima za kubahatisha, imeshafanya kazi yake na ipumzike. Ilisaidia sana miaka ya 1990, lakini mistari yake hubadilika ukibadilisha mashine au chupa ya kimeng'enya, na matokeo ya Morogoro hayalinganishiki na ya Nairobi. AFLP, inayokata DNA na kunakili baadhi ya vipande, ni imara zaidi, ila inakupa "ipo" au "haipo" tu.

Kwa maabara yenye bajeti ya kawaida, mikrosatelaiti bado ndiyo chaguo langu. Hizi ni sehemu za DNA ambako herufi mbili au tatu hujirudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya isoleti na isoleti. Lokasi (mahali pa sehemu hizo) 10 hadi 15 zilizotawanyika kwenye jenomu, yaani DNA yote ya fangasi, hutosha kwa maswali mengi. Za C. zeina zimeshatengenezwa na kutumiwa Afrika Kusini, kwa hiyo huna sababu ya kuanza upya. Ukitumia zilezile, utaweza kulinganisha data yako na yao, mradi upitishe isoleti chache za pamoja ili kusawazisha ukubwa wa aleli, yaani namna mbalimbali za lokasi moja.

SNP, tofauti za herufi mojamoja za DNA, zina faida pale ambapo spora hazioteki au sampuli zimetoka nchi nyingi. Mlipuko wa blasti ya ngano, ugonjwa mwingine wa fangasi, Bangladesh mwaka 2016 na ule wa Zambia mwaka 2018 ulifuatiliwa kwa seti ya SNP 84, pamoja na jenomu nzima za baadhi ya isoleti, na ikaonekana yote miwili imetoka kwenye ukoo mmoja wa kloni wenye asili ya Amerika Kusini, kila mlipuko ukiwa umeingia kivyake. Kwa swali la namna hiyo, tafuta fedha za SNP.

Hatua ya 7: PCR na kusoma ukubwa wa vipande

Praima yenye rangi ya fluoresensi ni ghali, na kununulia kila lokasi yake ni kumaliza bajeti. Tumia mkia wa M13: praima ya mbele ya kila lokasi iongezewe herufi TGTAAAACGACGGCCAGT mwanzoni, kisha ununue praima moja tu yenye rangi inayofanana na mkia huo. Kumbuka vipande vyako vyote vitakuwa virefu kwa herufi 18 kuliko ilivyochapishwa na waliotumia praima bila mkia.

Mzunguko wa kawaida unafaa: 95 °C kwa dakika tatu, mizunguko 35 ya kutenganisha, kushikisha kwenye 55 hadi 60 °C, na kurefusha kwenye 72 °C. Malizia kwa kurefusha dakika 30 kwenye 72 °C. Dakika hizo zinampa kimeng'enya cha Taq nafasi ya kuongeza A mwishoni mwa vipande vyote. Ukizifupisha, baadhi vitaongezewa na vingine la, na utaona vilele viwili vinavyopishana kwa herufi moja.

Tuma kwenye mashine ya kapilari inayopima urefu wa vipande. Jeli ya agarosi, hata ya asilimia 3, haitenganishi aleli zinazopishana kwa herufi mbili, na jedwali linalojengwa juu yake ni la kubahatisha. Kila bamba la visima 96 liwe na isoleti moja ileile ya kulinganishia, kisima kimoja kisicho na DNA, na marudio ya angalau asilimia 5 ya sampuli. Ukitaja kiwango cha makosa yako kutokana na marudio hayo, msomaji makini atakuamini zaidi.

Katika kusoma vilele, fangasi huyu anakupa zawadi: ni haploidi, kila lokasi ina aleli moja tu. Vilele viwili vya kweli kwenye lokasi moja huweza kuwa jini lililojirudia, lakini vikitokea kwenye lokasi kadhaa za isoleti ileile, huo ni mchanganyiko. Ngazi ya vilele vidogo kabla ya kile kikuu ni kigugumizi cha kimeng'enya. Soma kilele kikuu. Wanaofanya kutu za ngano hawana zawadi hii, kwani spora zao za kiangazi zina viini viwili na aleli mbili ni jambo la kawaida. Usinakili mipangilio ya programu kutoka kwenye makala yao.

Hatua ya 8: Chambua

Jedwali lako liwe na isoleti kwa safu na lokasi kwa nguzo, pamoja na shamba, wilaya na MAT. GenAlEx hufanya kazi ndani ya Excel na inakubali data za haploidi. Ukiweza R, lugha ya kompyuta ya takwimu, pakiti yake ya poppr, iliyotoka mwaka 2014, ilitengenezwa kwa viumbe hawa wanaochanganya kujinakili na kujamiiana.

Anza na mchoro wa mlimbikizo wa jenotipu (jenotipu ni seti ya aleli za isoleti moja kwenye lokasi zote): je, mstari umelala kabla hujafika lokasi ya mwisho? Kama bado unapanda, lokasi zako hazitoshi kutenganisha kloni, na unayoyaita "yaleyale" huenda ni tofauti. Kisha hesabu jenotipu. Tuseme una isoleti 100 na jenotipu 80. Sehemu ya kloni ni 1 kutoa 80/100, yaani 0.20. Unapolinganisha mashamba yenye idadi tofauti za isoleti, sawazisha idadi kwanza, vinginevyo shamba lililochumwa sana litaonekana tajiri kwa sababu hiyo tu.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la pili ambamo kila kloni imebakizwa mara moja kwa kila shamba. Vipimo vya masafa ya aleli na muundo wa jamii vifanye kwenye majedwali yote mawili. Yakipingana, tofauti hiyo ni matokeo, iandike.

Kwa swali la kujamiiana una ushahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni uwiano wa MAT. Ukiwa na 34 za MAT1-1 na 26 za MAT1-2, ulizotarajia ni 30 kwa 30, khi mraba ni 16/30 + 16/30, yaani kama 1.07, chini ya kizingiti cha 3.84 cha kiwango cha asilimia 5, huna sababu ya kukataa uwiano wa nusu kwa nusu. Wa pili ni kielezo cha uhusiano wa lokasi, rd. Fangasi anayechanganya vinasaba kwa uhuru humpa mtafiti rd iliyo karibu na sifuri, anayejinakili huipandisha. Ipime ndani ya shamba mojamoja. Ukichanganya mashamba yenye jamii tofauti, rd itapanda hata kama kila shamba linajamiiana vizuri, na hapo utasingizia kloni.

Kwa muundo wa jamii, AMOVA itakuambia sehemu gani ya utofauti iko ndani ya mashamba na ipi kati yao. DAPC au STRUCTURE zitakuonyesha makundi. STRUCTURE huchukulia kwamba lokasi ziko huru, kwa hiyo usiipe data zilizojaa kloni.

Hatua ya 9: Jua mahali pa kunyamaza

Kule Afrika Kusini, C. zeina alionyesha utofauti mkubwa na aina zote mbili za MAT kwa uwiano unaokaribiana, ilhali hatua yake ya kujamiiana haijawahi kuonekana kwa macho shambani. Ukipata kama hayo, sema kuna ushahidi wa kijenetiki wa kujamiiana kwa siri. Usiseme umemwona akijamiiana.

La hatari zaidi ni kugeuza utofauti kuwa ukali. Mikrosatelaiti kwa kawaida haziko kwenye majini ya kushambulia mmea. Tazama kutu ya shina ya ngano: aina ya Ug99, iliyokusanywa Uganda mwaka 1998, ilivunja kinga ya jini la ngano liitwalo Sr31. Mwaka 2006 ikapatikana Kenya aina yake inayovunja pia Sr24, na mwaka 2007 nyingine inayovunja Sr36. Kwa mikrosatelaiti hawa ni ukoo mmoja wa karibu sana, lakini kwa mkulima aliyepanda ngano yenye Sr24 tofauti yao ni mavuno au hasara. Ukali hupimwa kwa kuambukiza mimea ya aina mbalimbali. Alama zako zinafaa kumsaidia mzalishaji mbegu achague isoleti za kutumia kwenye jaribio hilo: badala ya kuchukua tano zilizokuwa karibu mkononi, achukue moja au mbili kutoka kila kundi la kijenetiki, za MAT zote mbili.

Ukimaliza, pamoja na jedwali la aleli hifadhi faili ghafi za kapilari, picha za jeli za spishi na MAT, na orodha inayounganisha namba ya isoleti na bahasha ya shambani. Peleka nakala ya isoleti kwenye mkusanyiko wa kudumu wa taasisi ya utafiti, zikiwa na GPS, jina la mbegu na tarehe ya kuchumwa. Atakayerudi kwenye kijiji hicho miaka kumi baadaye ataanzia kwenye zile bahasha ulizoziandika kwa penseli.